Dungu Lililotozwa Kodi ya Ghorofa

Jumamosi, 5 Julai 2025

"Saadi hana ghorofa. Ana kichanja cha kufukuzia ndege, kakipandishia wateja."

Maneno ya Hemedy hayo, jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, muuza chipsi na mishikaki. Kayasema leo asubuhi mbele ya abiria wa basi la Lindi, kwa sauti ya mnadani. Abiria wakacheka. Wawili waliokuwa wanakuja kwangu wakageuza njia, wakaenda kwake.

Uzushi! Naukanusha kwa hoja. Kwanza, ghorofa ni sakafu iliyo juu, na chini yake mtu anapita bila kuinama. Kwangu anapita, labda awe mrefu sana. Pili, ghorofa hupandwa kwa ngazi. Ngazi ninayo, vipago saba, ingawa cha tatu hakikanyagwi. Tatu, ghorofa ina mandhari. Mteja wangu akila wali kwa perege anaiona stendi nzima ya Kibiti, pamoja na bati la Hemedy lenye kutu. Nne, bango langu linasema hivyo, kwa rangi nyekundu: GHOROFA YA KWANZA KIBITI. Hemedy kauliza mbona kuna jengo la ghorofa kule sokoni. Lile limejengwa na watu wa Dar. Halihesabiki.

Simlaumu sana. Katoka vilimani kusini, Umatumbi. Huko maji hufuatwa kwa ndoo. Atajua nini kuhusu kuishi juu? Sisi watu wa mtoni tumezaliwa ghorofani.

Na si mafumbo. Dungu hili, yaani jukwaa la miti la kulindia mpunga, alilijenga marehemu baba yangu, Mzee Kondo, katikati ya shamba letu la mpunga huko Mohoro. Nguzo sita za mkandaa, zilizopandishwa mto kwa mtumbwi kutoka delta. Masika yakilijaza bonde, tulihamia juu sote: baba, mama, sisi watoto, kuku, jiko la udongo. Maji yalipita chini ya mkeka wetu. Mama alikuwa akiteremsha ndoana kwenye upenyo wa fito, kitoweo kinapanda chenyewe. Sijakaa tena kwenye nyumba ambayo samaki hubisha hodi kutoka sakafuni.

Mama alipoacha kulima nililifungua fito kwa fito, nikalipakia kwenye lori, nikalisimamisha hapa nyuma ya mgahawa wetu. Mwaka wa nne huu. Mwantum, mke wangu, anapika chini. Mimi napandisha sahani na kuwaelimisha wateja.

Jioni. Mwantum kanunua umeme. Uniti zilizoingia hazifiki hata kuchemsha chai. Kodi ya jengo hukatwa humo humo kwenye umeme, hilo najua. Lakini leo imekata kama fisi. Na friza limejaa samaki!

Namshuku Hemedy.

Jumapili, 6 Julai

Si Hemedy. Bado.

Mwantum kauliza kama kuna barua yoyote ya kodi iliyokuja. Nikamwambia hakuna. Kaenda moja kwa moja kwenye kasha langu la makaratasi, lile nililoliandika YANAYONGOJA HASIRA, kaitoa. Ya mwezi wa tano. Sikuifungua kwa sababu bahasha ilikosea jina langu, na mimi sijibu bahasha isiyonijua.

Barua inasema hivi: jengo letu limeingizwa kwenye orodha kama jengo la ghorofa. Kodi ya nyuma imelimbikizwa kwa kiwango cha ghorofa, na itakatwa kwenye umeme mpaka iishe. Mwenye pingamizi afike ofisini.

Nimeisoma mara tatu. Maana yake ni moja tu: serikali inakubaliana na mimi. Ni mara ya kwanza katika maisha yangu, na imekuja vibaya.

Mwantum kamaliza kwanza kupepeta ungo mzima wa mchele. Kisha kasema: "Baba Zawadi, friza likizimika samaki wanaoza. Samaki wakioza mgahawa umekufa. Mimi nauchagua mgahawa." Kanipa mpaka Ijumaa. Jambo hili lisipokwisha, Ijumaa baada ya swala fundi anakuja kulivunja dungu.

Nikamwuliza kama anajua anachokisema. Dungu la baba yangu! Kasema anajua, na hata mnunuzi wa nguzo kashapatikana.

Ni nani?

Hemedy. Anataka kuongezea kibanda chake.

Kwa hiyo hali ya vita ni hii. Ili dungu libaki, lazima nithibitishe kwamba si ghorofa. Yaani lazima nithibitishe maneno ya Hemedy, niliyoyakanusha jana, katika daftari hili hili, kwa hoja nne. Nimefikiria kuchana ukurasa. Sichani. Mwandishi hachani. Ila natamka rasmi kwamba mimi ndiye nitakayesema si ghorofa, na nitasema vizuri kuliko yeye.

Jumatatu, 7 Julai

Nimeamka na moto. Nimeandika tangu alfajiri waraka kwenda ofisi ya kodi. Kichwa cha habari: DUNGU KATIKA HISTORIA YA BINADAMU WA BONDE. Kurasa kumi na tisa. Nimeanza na gharika ya Nabii Nuhu, amani iwe juu yake, kwamba ile safina kwa kweli ilikuwa dungu lililokata kamba. Nikapita kwa Waarabu wa biashara, Wajerumani, Waingereza, nikateremka mpaka siku tulipohamishwa bondeni kwenda kukaa juu barabarani, na wazee wakaacha nyumba lakini hawakuacha madungu. Ukurasa wa kumi na nne una mafumbo makali dhidi ya jirani mmoja ambaye sikumtaja.

Mwantum kauliza waraka unaomba nini. Nikamwambia unaomba haki. Kauliza umeandikwa ukurasa wa ngapi kwamba tunaomba warekebishe na tulipe kidogo kidogo. Nikamwambia waraka wa aina hii hauombi, unahukumu.

Saa tano nikaubeba, nikavaa kanzu na koti, nikaenda ofisini kwa miguu ili hasira isipoe kwenye bodaboda. Nikafika. Mlango umefungwa. Nikagonga. Nikagonga tena kwa kiganja. Nikatoa hotuba fupi kuhusu watumishi wanaolala wakati wananchi wanakamuliwa.

Mlinzi katoka nyuma, anatafuna muhogo. Kaniambia: "Mzee, leo Sabasaba."

Nikamwambia najua ni Sabasaba.

Sikujua.

Kanikaribisha muhogo. Ulikuwa mtamu, wa kuchoma, na pilipili. Nikamsomea kurasa sita. Kasinzia ya tatu, lakini kwa heshima, kasimama wima.

Jumanne, 8 Julai

Ofisini saa mbili kamili. Afisa ni binti, Bi Muzdalifa, hajafika miaka thelathini, hijabu ya samawati, kalamu tatu mezani zimepangwa kama askari. Kanisalimia shikamoo. Kidogo hasira ikapungua. Nikaipandisha tena.

Nikamweleza kwamba kuna mtu mwenye kijicho aliyewapelekea taarifa za uongo kuhusu jengo langu, na nataka jina lake. Nikamwambia hata asipolitaja nalijua, linaanzia na H.

Kafungua faili. Katoa karatasi, kaigeuza inielekee. Fomu ya taarifa za jengo, ya miaka mitatu iliyopita. Mbele ya "Aina ya jengo" imeandikwa: GHOROFA. Mbele ya "Idadi ya ghorofa" imeandikwa: MOJA (KWA SASA).

Mwandiko mzuri sana. Herufi G ina mkia kama wa tausi. Ni mimi peke yangu ninayeandika G hiyo kutoka hapa mpaka Utete.

Nikakumbuka. Waandikishaji walianzia kwa Hemedy siku ile, nami nikasikia akiwaambia yake ni banda. Basi damu ikanichemka kwa fahari.

Bi Muzdalifa hakucheka. Namshukuru, au simshukuru, sijaamua. Kasema, mzee, hili dogo. Wengi wanakosea. Kama kilicho juu ni dungu la miti na makuti kama ya shambani, halihesabiki ghorofa. Mwenye jengo anaandika barua ya marekebisho, ukurasa mmoja, shahidi mmoja jirani, sisi tunakuja kukagua, tunasahihisha. Kitakachobaki cha jengo la chini anaomba kulipa kidogo kidogo. Msaada upo, wala hauna gharama.

Ukurasa mmoja! Nikamwuliza kama anaamini ukweli unaingia kwenye ukurasa mmoja. Nikaweka waraka mezani. Meza ikatikisika kidogo. Kafunua, kasoma mstari wa kwanza, kaniuliza kwa upole Nabii Nuhu anahusikaje na kiwanja changu.

Na shahidi jirani! Jirani ninaye mmoja tu, yule wa ng'ambo ya barabara, kwingine ni stendi na makaburi. Nikamwambia sina jirani.

Kasema basi atakuja mwenyewe kukagua Alhamisi saa nne. Akiona dungu, ataandika dungu.

Nimetoka na ushindi. Akiona dungu, ataandika dungu! Basi ataliona. Ataona dungu ambalo mtu hajaliona tangu enzi za mababu. Nina mpango.

Jumatano, 9 Julai

Mpango ni huu: dungu ni dungu kwa sababu ya shamba. Bila mpunga chini yake, afisa ataona meza, viti vya plastiki na kopo la vijiti vya meno, aseme ghorofa. Kwa hiyo lazima pawe na mpunga.

Nimepanda gari la kwanza kwenda Mohoro. Wanavuna sasa. Bonde lote lina rangi ya mkate. Nimesimama ukingoni kwa muda mrefu kuliko mpango ulivyoruhusu. Pale palipokuwa na shamba letu analima mtu mwingine, lakini nilipaona mahali zilipokuwa nguzo, kwa sababu ardhi ya pale bado imebonyea. Nikasikia watu wanaamia ndege, wanapiga makopo na kupaza sauti, sauti ile ile ndefu inayoanzia koo na kuishia mbinguni. Zamani kila dungu lilikuwa na sauti yake. Ungeweza kufumba macho ukajua huyu ni mama Fulani, yule ni mjomba, na yule kapigana na mkewe jana. Tulizungumza hivyo, dungu kwa dungu, kutwa nzima, na ndege wakadhani tunawaambia wao. Sasa wamebaki wachache, na mmoja alikuwa na spika ya kuchaji.

Nikamchukua mama, Bi Sihaba. Miaka themanini na kitu, macho yamefifia, mdomo haujafifia. Nikamweleza njiani. Kauliza kwa nini niliandika ghorofa. Nikamwambia ni suala refu. Kasema: "Baba yako naye alikuwa hivyo hivyo. Mtumbwi wake ukiitwa mtumbwi, ananuna. Mpaka uuite jahazi."

Nimekuja na matita manne ya mpunga uliokomaa. Nimeyachomeka kwenye mabeseni manane yenye mchanga, nikayapanga chini ya dungu. Kwa mbali, ukikodoa jicho moja, ni shamba kabisa. Viti vya plastiki nimevificha makaburini. Nimetengeneza kombeo la katani na madonge ya udongo ya kuamia ndege.

Upungufu mmoja: ndege hawapo. Nimemwaga mchele kuwaita. Wamekuja kuku wa Hemedy.

Mwantum kapita, kayaona mabeseni yake manane. Kaenda chini ya dungu, kashika nguzo moja, kaipapasa kama mtu anayempapasa ng'ombe anayeuzwa. Hapo nikaona kwamba na yeye hapendi livunjwe. Tulioana mwaka wa mafuriko. Fungate yetu ilikuwa humo, siku tisa, tumezungukwa na maji, kila siku wali na samaki, hapana mgeni wa kubisha hodi ila kenge.

Alhamisi, 10 Julai

Niseme kwa utaratibu.

Bi Muzdalifa kafika saa nne kamili na daftari. Nilikuwa tayari juu, shati limetupwa bega moja kama mkulima, kombeo mkononi. Mama juu kwenye mkeka. Mwantum chini na sufuria.

Afisa kaangalia mabeseni. Kauliza mpunga unaota kwenye mchanga mkavu mwezi wa saba? Nikamjibu ni mbegu mpya. Kavuta shina moja, likatoka halina mizizi. Kalirudisha taratibu mahali pake, kama mtu aliyefungua mlango wa msalani akakuta mtu.

Kapanda ngazi. Nikamwonya kipago cha tatu. Kafika juu, kavua viatu bila kuambiwa, kapiga magoti kumwamkia mama. Ndipo mambo yakaanza kwenda vizuri, na sikuhusika.

Kamwuliza: "Bibi, hiki ni nini?"

Mama kamshangaa. "Dungu, mwanangu. Kwenu hamna?"

Kasema kwao ni kilimani, lakini bibi yake upande wa mama alikuwa mtu wa Mbwara, na alipokuwa mdogo alipelekwa kumsaidia kuamia. Alikuwa anaogopa kushuka peke yake. Mama kacheka. Kamshika mkono, kamwonyesha upenyo wa ndoana, alama ya jiko iliyochoma ubao, na mikato ya panga kwenye nguzo ya pembeni ambapo baba alipima kimo cha maji kila mwaka. Kamwonyesha na kona. Kasema, huyu mwenye kelele unayemwona hapa nilimzalia kona ile, maji yako hapa, mkunga kaja kwa mtumbwi, kafungia mtumbwi kwenye ngazi. Kisha mama kainua uso, akaachia sauti yake ya kuamia. Ile ile! Sijaisikia miaka kumi na tano. Stendi nzima ikageuka. Kondakta wa basi la Mtwara kavua kofia. Mimi macho yakaniwasha, moshi labda, ingawa Mwantum alikuwa hajakoka moto.

Bi Muzdalifa kafungua daftari. Nikaona kwa macho yangu anaandika. D. U. N.

Ningekaa kimya tu! Lakini nikaona ushahidi wa vitendo utatia muhuri. Nikaweka donge kwenye kombeo, nikazungusha, nikaachia kuelekea kwenye kuku. Donge halikwenda kwenye kuku. Lilivuka barabara kuu, likapita juu ya bodaboda mbili, likaitwanga ndoo ya pilipili ya Hemedy katikati ya mishikaki.

Kaja mbio, aproni nyekundu kama aliyechinja. Kasimama chini ya dungu. Nilitegemea matusi, nilikuwa na majibu ya matusi. Hakutukana. Kacheka! Kamwambia afisa: "Dada, mwandikie haraka! Kichanja! Miaka minne nasema ni kichanja cha kufukuzia ndege, leo kakubali mwenyewe, na kombeo kashika!" Na watu wa stendi wakapiga makofi.

Mama kanong'ona: "Saadi. Nyamaza, mwanangu."

Nilitaka kunyamaza. Mungu ni shahidi. Lakini nilimwona Hemedy chini, na mimi niko juu, na mikato ya panga ya baba iko ubavuni mwangu, na mtu anaiita nyumba niliyozaliwa kichanja. Nikasikia sauti inasema, na ilikuwa yangu:

"Hii ni ghorofa! Ghorofa ya kwanza Kibiti! Andika, binti!"

Kalamu ikasimama.

Bi Muzdalifa kaniangalia. Kaliangalia bango langu jekundu, ambalo katika maandalizi yote nilisahau kuliteremsha. Kafunga daftari. Kasema hawezi kuandika kitu ambacho mwenyewe anakikana. Kesho kabla ya saa sita apelekewe barua ya mwenye mgahawa, ikitaje kwa jina moja. "Neno moja tu, mzee. Moja."

Kamuaga mama kwa kumbusu mkono. Mimi kaniambia nipunguze kombeo.

Mwantum hajasema nami tangu saa tano. Mama kasema nami sana.

Ijumaa, 11 Julai

Asubuhi Mwantum kaniwekea karatasi na kalamu. Kaniambia niandike neno moja.

Nimejaribu. Namwambia Mungu nimejaribu. Nikiandika "dungu", Hemedy kashinda. Nikiandika "ghorofa", fundi anakuja. Nikaandika "dungu lenye hadhi ya ghorofa kwa maana ya kihistoria". Mwantum kahesabu maneno kwa kidole, kaichukua karatasi, kavaa baibui, katoka na mama. Sikuuliza wanakwenda wapi. Nilidhani sokoni kununua mkaa wa kupikia samaki wote kabla hawajaoza.

Nikapanda juu peke yangu. Nikalala chali nikitazama makuti, kama nilivyokuwa nikitazama utotoni nikingoja maji yapungue. Nikakumbuka baba alivyoniambia dungu halijengwi kushindana na mto. Linajengwa kuupisha. Sikujua kwa nini nimelikumbuka leo, wala silioni linahusu nini.

Nikaenda msikitini mapema, nikakaa nyuma. Hotuba ilihusu kiburi. Nikapata majina matatu ya watu wa mtaani ambao ingewafaa.

Kurudi nilipitia njia ndefu. Sikutaka kusikia nyundo. Nikakunja kona ya makaburi huku nimefumba jicho moja.

Limesimama! Nguzo sita, makuti yote. Mama juu anachambua mchele. Fundi yupo chini, anakula wali kwa perege, nyundo mfukoni. Na friza linanguruma kama basi.

Mwantum kanieleza huku akigeuza samaki, bila kunitazama. Kaandika barua ofisini pale pale. Mistari sita. Kasema: chumba cha chini ni mgahawa, kilicho nyuma ni dungu la marehemu mkwe wake, la miti na makuti, lililotoka shambani Mohoro. Anaomba kumbukumbu zisahihishwe, na kodi halali ya mgahawa ailipe kidogo kidogo. Kaitia sahihi yeye. Leseni ina jina lake, jambo ambalo huwa nalisahau. Na nilipojaza ile fomu, kumbe hata sikuwa na haki ya kujaza. Afisa kasoma, kagonga muhuri. Robo saa. Kodi ya ghorofa imefutwa. Sharti moja: bango liondoke. Mwantum kaling'oa. Limefunikia pipa la maji, maandishi chini.

Nikauliza shahidi jirani alikuwa nani.

Kageuza samaki mwingine. Mama ndiye aliyejibu kutoka juu: "Hemedy! Kafunga biashara yake saa nzima, mwanangu, wakati wa basi la Mtwara. Kaapa mbele ya binti kwamba ni dungu, na kwamba kila siku analiona likitikisika."

Nikauliza kama aliandika kichanja. Kasema hapana. Waliandika dungu, Hemedy kaweka sahihi chini ya neno dungu.

Nilikaa na mama juu mpaka Alasiri. Kanipa ungo nisaidie, kisha kauchukua kwa sababu nilikuwa natupa mchele na kubakiza mawe.

Jumapili, 13 Julai

Nimetafakari siku mbili. Sasa naweza kuandika ukweli kwa utulivu, maana mji mzima unausema kinyume.

Wanasema ilikuwa barua ya mistari sita. Upuuzi! Mistari sita haijawahi kutikisa ofisi yoyote tangu dunia kuumbwa. Mwantum kabisha mlango uliokuwa umeshabomolewa. Nani kaubomoa? Waraka wa kurasa kumi na tisa, uliokaa mezani kwa Bi Muzdalifa tangu Jumanne. Nina ushahidi: Mwantum mwenyewe kasema aliuona pale, afisa kaweka kikombe cha chai juu yake. Mtu haweki chai yake juu ya kitu asichokiheshimu. Naamini alifika ukurasa wa kumi na nne.

Kuhusu Hemedy. Kaja leo asubuhi, kakohoa mlangoni, hakunitania. Mkononi ana bahasha. Na yeye kaandikiwa: banda lake la chipsi linaonekana limeongezwa chumba ambacho hakukitolea taarifa, na kodi inalimbikizwa. Kasema, jirani, biashara ni ngumu, samahani, naomba kuonana na Mama Zawadi anisaidie kuandika kama alivyoandika ile yake.

Nikamwuliza kama ameoga. Nikamkalisha. Nikamwambia Mwantum ana kazi jikoni. Nikaichukua bahasha.

Nimefika ukurasa wa tisa. Nimeanzia kwenye chimbuko la kiazi. Hemedy kauliza mara mbili kama haiwezekani ikawa fupi, na kama katika nafasi ya aina ya jengo lazima iandikwe UKUMBI. Nimemweleza kwamba mtu asiyejiheshimu kwenye fomu hawezi kuheshimiwa na mashine ya umeme. Katoa macho kuelekea jikoni kama mtu anayezama. Ni aibu ya kuomba msaada hiyo. Itamtoka.

Nami sikomei kwake. Natamka hapa, kwa kalamu hii. Ninyi wenye migahawa, gesti, mashine za kukoboa na vibanda, kuanzia Bungu hadi Mohoro, na ninyi wa Dimani mnaojificha, mliolemewa na kodi ya majengo: msiende ofisini wenyewe, msiandike ukurasa mmoja, na msidanganywe kwamba afisa anasaidia kwa kuulizwa tu. Leteni barua zenu hapa, na rimu moja ya karatasi kila mtu. Niulizeni mimi, Saadi bin Kondo, nyuma ya mgahawa, juu. Jikoni msipite.